Sauti ya Abdirahim Sandukuni

Jumatatu, 3 Februari 2025
Uniwie radhi, shajara, kwa kimya hiki kirefu. Nilikuwa nikikiunda upya kiredio cha memori kadi. Binamu yangu Abdirahim alipasuliwa koo, sauti haikurudi. Ngamia wake wamezoea kunywa kwa wimbo wake. Sasa hunusa maji, huondoka. Wanakonda. Mkewe, Weris, ameuhifadhi wimbo katika simu kuukuu. Panahitajika chombo cha kuuimba kisimani. Mpwa wangu Mulki, fundi wa simu sokoni Garissa, anaunda chake. Abdirahim atachukua kimoja. Hakitakuwa cha Mulki.

Jumatano, 5 Februari
Spika kubwa inakula chaji. Nikaongeza betri. Betri ikaongeza uzito. Kamba ikakatika, sanduku la kiredio likaniangukia mguuni. Nikapunguza betri. Ukiongeza hapa, kule kunapungua. Nikatoka nje nikichechemea, nikamtazama ngamia wa jirani. Mzigo, akiba na mwendo katika mwili mmoja, wala hakuna kilichopunguzwa. Subhanallah. Nilisimama pale hadi chai ikapoa.

Jioni nikatia sauti yangu ya kuonya: “Tafadhali, ewe mtumiaji, betri ya chombo hiki inakaribia kuishiwa na chaji, kitie chaji kabla hakijazimika.” Sentensi safi.

Mulki akapita, akasikiliza, akacheka. Akasema, abti, mjomba wangu, onyo lako litamaliza chaji kabla ya wimbo. Sema tu “chaji kwisha”. Nikamwambia ni “chaji imekwisha”. Akasema, haya abti, lakini bunguza maneno, ngamia hana ngeli. Nikamjulisha kwamba ni “punguza”, na kwamba ngamia yumo katika ngeli ya A-WA.

Alhamisi, 6 Februari
Nilimwambia Mulki kwamba majaribio ni kesho, Ijumaa, baada ya sala. Yalikuwa leo. Nikamkuta kisimani, anakunywa chai na Weris.

Chombo chake kinaenea kiganjani na chaji yake hudumu wiki nzima. Sauti yake ni ya mbu ndani ya birika. Hakuna ngamia aliyegeuka.

Nikabonyeza changu. Sauti ya Abdirahim ikatoka, nzima, kama ya zamani. Ngamia wote wakageuza shingo kwa pamoja. Wakaja. Wakainama, wakanywa. Abdirahim akajishika koo. Mimi niliyefundisha sarufi maisha yangu yote, sikupata hata kitenzi.

Kisha sanduku likasema, “Tafadhali, ewe mtumiaji.” Vichwa vikainuka. Jike kiongozi akanitemea kifuani. Chaji ikaisha kabla sijafika kwenye nukta. Kundi likaondoka na nusu ya kiu. Mulki hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Februari
Weris ameleta uamuzi wa mumewe: spika ya mwalimu, betri ya Mulki, na mwalimu mwenyewe atoke sandukuni. Mulki amekubali na kuleta betri. Nimeachiwa sanduku hadi kesho, niliondoe onyo.

Nimetafakari sana. Kosa langu li wazi: niliwasemesha ngamia bila kuwasalimu. Nani asingetema mate? Onyo sasa litaanza kwa salamu kamili, pamoja na kuulizia hali ya malisho. Itahitajika betri nyingine. Hiyo itahitaji punda. Jambo moja tu limenikwamisha: ngamia wasalimiwe mmoja mmoja, au wote kwa wingi? Nikikata shauri, nitakuandikia.