Baba Alipokuja Kukagua Utulivu wa Geto Langu

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Mnajua nilihama hosteli za chuo nikapanga chumba mtaani. Baba hakupenda. Kwake yeye, mtoto wa kike anayesoma anakaa ndani ya geti la chuo, basi! Nikambembeleza weee. "Baba, hosteli ni kelele tupu. Maji yakitoka tu, korido nzima mayowe. Huku kumetulia, mtu unajisomea." (Niliongea kwa uchungu hadi nikajionea huruma mwenyewe.) Akasema atakuja kutoka Singida ajionee, ndipo aamue kama nabaki au narudi hosteli.

Tulikubaliana aje jioni. Asubuhi niko zangu usingizini, nasikia maji yanamwagika kwenye beseni, upande wa pili wa nyumba.

Aliyekaa hosteli hapa Dodoma hahitaji maelezo. Bomba letu lilikuwa kavu tangu Jumatano! Miguu ikatangulia, akili ikabaki kitandani. Nikajifunga kanga, ndoo mkono huu, ndoo mkono huu, mlango nikaufungua kwa teke.

"MAJI YAMETOKAAA! AMKENI! MAJIII!"

Nikazunguka nyumba. Nikamkuta baba.

Baba yangu mzazi! Kaketi kwenye kiti cha plastiki, kanyoosha mikono, na Mama Neema mwenye nyumba anamnawisha kwa jagi ili anywe chai na viazi. Kumbe alipanda basi la alfajiri.

"Shikamoo baba." (Ndoo bado ninazo.)

"Marahaba." Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Esta, hosteli umeihama, au umeihamishia hapa?"

Kabla sijajibu, wapangaji wenzangu hao, mbio na ndoo zao. Jirani naye akapitisha dumu juu ya ukuta. Foleni ikajipanga mbele ya bomba kavu, na wote wananiangalia mimi.

Mama Neema, Mungu ambariki, akataka kuniokoa. "Usimgombeze, baba Esta. Huyu ndiye king'ora chetu! Tangu ahamie hatujapitwa na maji hata siku moja. Hata alfajiri watu wamelala, yeye anatuamsha."

Mama wa watu, si ungenyamaza tu!

Nikajua kwisha habari yangu, nianze kufungasha. Baba akacheka mpaka kiazi kikampalia, Mama Neema akawa anampigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema, "Basi abaki. Kule wa aina yake wamejaa, hapa mnaye mmoja tu." Nilimpenda huyu mzee, kidogo nimkumbatie na ndoo zangu.

Halafu akampigia mama simu, akaweka sauti kubwa, akamsimulia yote. Mama akagoma kuamini mpaka asikie mwenyewe. Nikapiga mayowe upya, foleni nzima inatazama.

Tafadhali msinicheke. Mama anasema mtandao ulikata, nirudie.