Mihuri ya Bwana Lebo

Bwana Lebo alikuwa na kauli yake: mwizi hubeba vitu, mjanja hubeba maneno tu, vitu vitamfuata vyenyewe. Kwa kauli hiyo alishawahi kuuza kivuko cha watu waendao kwa miguu, na mnunuzi akamshukuru.

Siku hiyo alikuwa amejibanza katika ofisi ya mizigo ya nje. Shughuli hakuwa nayo, alifuata feni. Mbele yake mfugaji mmoja akarudishwa dirishani na maboksi yake ya mayai. Karani alimwonyesha tangazo la ukutani: kila yai la kutotolesha liendalo ng'ambo ligongwe muhuri wenye namba ya shamba, moja moja, boksi liandikwe nchi litokako na aina ya ndege, na juu yake cheti cha daktari wa mifugo.

"Lakini mayai yangu ni mazima!" mfugaji akalalama.

"Mayai sijayauliza. Nimeuliza muhuri."

Bwana Lebo akasahau feni. Kumbe ng'ambo hawanunui yai, wananunua maandishi! Na katika maandishi yeye alikuwa na shamba ekari elfu.

Kufikia jioni alikuwa keshachongesha muhuri wa mpira. Mayai akayachukua kwa mzee mmoja mfuga majogoo na mitetea yao, mia tatu, bei ya kutupa.

"Ya kula au ya kutotolesha?" mzee akauliza.

"Ya kula, mzee wangu. Nina sherehe."

"Sherehe ya mayai matupu?"

"Wageni wangu wana meno mabovu."

Aliyelengwa ni Mama Tanuri, mwoka mikate, na kilicholengwa ni bajaji yake nyekundu. Bajaji ile ndiyo iliyokuwa miguu yake. Ikiondoka, mikate inaota ukungu rafuni. Ila mama wa watu alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia neno "ng'ambo", akili inatoka nje kuota jua.

"Mama, mzigo huu ukifika ng'ambo unanunua bajaji kumi. Mimi naomba hiyo moja tu, kwa unyenyekevu."

"Mbona usiupeleke mwenyewe, mwanangu?"

"Utajiri wa ghafla unanipa kizunguzungu."

Mama Tanuri akakubali kwa sharti: ufunguo utatoka mihuri ikikamilika. Bwana Lebo akaandika mkataba. Kwa kuwa alijua mayai yake yangeoza kabla ya kupanda hata ngazi ya ndege, akajikinga kwa kifungu cha tano: "Muuzaji hahusiki kamwe na chochote kitakachotoka ndani ya yai." Wakatia saini. Kisha, ili aonekane mtaalamu, akaagiza mayai yawekwe chumba cha kuumulia unga, ubavuni mwa tanuri.

"Yai la kutotolesha linataka joto, mama. Ndiyo sayansi."

Mfugaji yeyote angemwambia kwamba yai la safari huwekwa penye ubaridi, lisije likaanza maisha kabla ya tiketi. Lakini mjanja haulizi.

Kesho yake Mama Tanuri alikwenda kumuuliza kaka yake habari za mayai. Aliporudi, macho yalikuwa yamemfunguka, na mdomo wake ulikuwa na kanuni mpya.

"Mwanangu, namba ya shamba nimeiona. Nchi litokako iko wapi?"

Bwana Lebo akageuza mayai yote mia tatu, akagonga. Ta! Ta! Ta! Mchana, aina ya ndege. Jioni, tarehe. Kila muhuri ulitaka upande mpya, na kila upande ulitaka yai ligeuzwe. Mama akaweka beseni la maji pembeni.

"La nini hilo?"

"Wino usipasuke."

Siku ya saba akainua yai moja mbele ya tochi, akatabasamu.

"Unaona nini, mama?"

"Naona muhuri umeshika."

Kufikia siku ya kumi na nane mayai yalikuwa na mihuri mingi kuliko pasipoti ya balozi. Mama akasema sasa yasiguswe siku tatu, wino ukauke.

Siku ya ishirini na moja Bwana Lebo alifika amevaa suti ya kuendeshea bajaji. Ufunguo ulikuwa mezani. Kando yake mfuga majogoo alikuwa anatafuna mkate.

"Kaka yangu huyu, tumbo moja," alisema Mama Tanuri.

"Wale wageni wa meno mabovu hawajambo?" mzee akauliza.

Kabla hajajibu, ukuta ukalia: chwi, chwi, chwi.

"Mama, una panya?"

Mlango ukafunguliwa. Maganda yenye mihuri yalitapakaa sakafuni, na katikati yake vifaranga zaidi ya mia mbili walikuwa wakimkodolea macho.

"Mkataba unasema mayai," mama akasema, akiurudisha ufunguo kifuani. "Nionyeshe yai."

"Kifaranga ana thamani kuliko yai! Niongezee!"

"Kifungu cha tano, mwanangu. Kilichotoka ndani ya yai hakikuhusu. Saini si yako hiyo?"

Ilikuwa yake, na ilikuwa nzuri.

Akatoka kwa hasira, akijipiga muhuri kiganjani: ta! ta! ta! Akasikia watu wanacheka. Alipogeuka, barabara nzima ilikuwa ya manjano. Wale viumbe walikuwa wameusikia mlio ule tangu wakiwa ndani ya ganda. Kwao huyo ndiye mama.

"Mwizi! Mwizi wa vifaranga!" mtaa ukapaza sauti.

Katika maisha yake yote hiki ndicho kitu pekee ambacho hakukiiba.

"Rudi nao taratibu, mwanangu," Mama Tanuri akamwita kutoka mlangoni. "Na usiache kugonga."

Siku hizi bajaji nyekundu Bwana Lebo anaipanda kila asubuhi. Hukaa siti ya nyuma, kati ya mikate na maboksi yenye matundu, akigonga muhuri polepole ili abiria wake watulie.