Mbegu Zangu za Gizani

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimepata cheo! Mlinzi wa giza. Ndugu Modest, msomi anayetafuta udaktari wa mimea, amepanda mbegu za tumbaku katika masanduku mawili ndani ya tembe kuukuu, nyumba ya udongo, njia ya Kwihara. Kuta nene, dirisha hakuna. Sanduku la Ngollo, mlinzi mwenzangu, linamulikwa taa nyekundu dakika tano kila asubuhi. Langu halifunguliwi kabisa. Anasema ndani ya mmea mna protini inayoona mwanga kama jicho. Ikiona wekundu, mbegu inaamka. Nikaitikia sana. Atakayetunza sanduku lake vizuri atafuatana naye Dar kwa treni, kubeba miche. Kutoka Dar hadi Masasi ni basi tu! Mama yuko huko, sijamwona miaka mitatu. Lazima niende mimi.

Jumatatu, 11 Machi
La Ngollo limeota. Kijani tupu. Langu nimechungulia kidogo: udongo. Ngollo kaniambia mbele ya Kuluthumu, muuza chai, "Silasi, wewe ukipanda magugu, hata magugu yanakufa." Kuluthumu akacheka hadi akamwaga chai. Chai yangu! Na redio kila siku inasema siasa ni kilimo. Nitaonekana mhujumu.

Jumanne, 12 Machi
Nina akili mimi. Nimeazima kanga nyekundu ya Kuluthumu, nikamwambia ina kazi ya taifa. Nikaifunga kwenye tochi, nikamulika sanduku langu. Dakika tano ni kuhesabu hadi mia tatu. Nilipofika mia na kitu nikapiga chafya, hesabu ikapotea, nikaanza upya. Mara nne. Si neno. Jicho likiona zaidi, litaamka zaidi.

Jumatatu, 18 Machi
Zimeota! Nyingi kuliko za Ngollo! Nikawaita wote waje waone, hata balozi wa nyumba kumi. Ndugu Modest akafunua sanduku, akakaa chini vumbini na suruali yake safi ya kitambaa cha tergal. Akauliza kwa sauti ndogo nani kaleta mwanga humu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikisubiri pongezi. Akasema hizi hazikutakiwa kuota! Zilipaswa kulala, ijulikane kwamba ni taa iliyoziamsha zile nyingine. Nikamuuliza, "Ndugu, nani anapanda mbegu akiomba zisiote?" Ngollo alishikilia mlango kwa kicheko. Hapo Kuluthumu naye, bila haya, akauliza kanga yake itarudi lini. Nikajulikana.

Jumanne, 19 Machi
Jaribio linaanza upya. Nimeomba radhi, nikamtaja mama, nikatoa na chozi. Ndugu Modest ana huruma. Kanipa sanduku jipya, akanieleza polepole kama mtoto: mbegu zilale gizani wiki nzima, isiote hata moja. Kisha yeye mwenyewe ataziamsha kwa taa nyekundu, na wakubwa wake watakuja kuhesabu miche. Zikilala vizuri, nafasi ya treni ni yangu.
Sasa nimeelewa kabisa!

Jumatano, 20 Machi
Sikutaka kubahatisha. Asubuhi nimechemsha sufuria mbili za maji, nikazimwagia mbegu zote. Haioti hata moja, naapa! Ngollo kaniuliza mbona napiga mluzi. Nikamwambia atafute leso ya kunipungia stesheni. Mzigo nimeshafunga.