Mshambulizi Aliyeandikwa Mfyeka Nyasi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Barua ya ligi imefika hapa Suna. Mimi, Jacktone Omanga, katibu wa Kuja Rovers, nimeisoma mara tatu na kila mara imezidi kuwa mbaya. Kuanzia sasa hakuna timu itakayolipa mishahara ya wachezaji kupita asilimia sitini ya mapato yake. Pesa za televisheni nazo zitagawanywa: nusu sawa kwa kila timu, nusu kulingana na tiketi tunazouza. Eti ni kutulinda sisi wadogo. Asilimia sitini ya timu ya Nairobi inatosha kikosi kizima na wachezaji wa akiba. Yetu inatosha wachezaji saba. Na tiketi tunauza mia mbili. Migori nzima hututazama kutoka juu ya ukuta.

Jumanne, 4 Machi

Bravin, mshambulizi wetu, ana mabao kumi na moja. Timu yote ina kumi na manne. Leo amepigiwa simu na Fanuel, mwenyekiti wa Magunga United. Fanuel ana mfadhili, kwa hivyo asilimia sitini yake ina nyama.

Lakini nimepata njia. Sheria inahesabu mishahara ya wachezaji. Wafanyakazi wa uwanja haiwataji popote. Basi Bravin ametoka kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa. Ameandikwa mfyeka nyasi. Mechi atacheza kwa kujitolea.

Emmaculate, mweka hazina, alikataa kutia sahihi. Nikamwambia hajui mpira. Akasema mpira hajui, lakini kusoma anajua. Nimetia sahihi mbili: moja yangu, na moja inayofanana na yake.

Jumamosi, 8 Machi

Mbili bila. Bravin yote mawili. Nilitembea sokoni polepole ili watu wapate nafasi ya kunisalimia.

Jumatano, 12 Machi

Ligi wamepiga simu. Mkaguzi wao, Bwana Maranga, atakuja keshokutwa kuangalia vitabu na kuwaona wafanyakazi. Ni Fanuel amechoma, ametuchongea kwa ligi. Ushahidi sina, wala siuhitaji.

Emmaculate akanikumbusha kwamba nyasi za uwanja zinafika magotini. Tuna mfyekaji anayelipwa kuliko kocha, na nyasi hazijaguswa tangu Desemba. Sawa. Bravin atafyeka.

Alhamisi, 13 Machi

Bravin alisema kwao ni wavuvi, slasha hajawahi kushika. Nikamwambia ni kazi ya mkono tu, kama kufukuza nzi. Nikakaa kivulini kusimamia.

Alifyeka nusu ya uwanja. Karibu na goli la upande wa barabara slasha iligonga jiwe, ikaruka, ikamkata mguu wa kulia juu ya kisigino. Alikaa chini akautazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Damu ilikuwa nyingi. Tulimbeba kwa pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia.

Daktari anasema kano kubwa ya kisigino imekatika. Kutembea atatembea. Kuhusu mpira alitikisa kichwa.

Mke wa Bravin, Phelesia, alinikuta mlangoni pa hospitali. Aliongea polepole sana. "Katibu, mume wangu ni mchezaji ama ni mfyeka nyasi? Hapa wanataka kujua waandike nini."

Bima yetu inalipia wachezaji walio kwenye orodha tu. Nilimwambia nitaangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana Maranga alizunguka uwanja uliofyekwa nusu. Akauliza mfyekaji yuko wapi. Nikasema hospitali. Akauliza ameumiaje. Nikasema akifyeka nyasi. Ilikuwa kweli tupu, naye akaacha kuandika, akanitazama.

Kisha akamwonyesha Emmaculate ile sahihi. Emmaculate akasema si yake.

Jumatano, 26 Machi

Hukumu imetoka. Tumepokonywa pointi sita, na mgao wetu wote wa televisheni msimu huu. Tuko mkiani. Wachezaji wanne wameondoka na viatu vya timu. Emmaculate amejiuzulu. Kabla ya kwenda alizunguka soko zima na kikapu, akimchangishia Bravin pesa za hospitali.

Nilienda hospitali jioni. Fanuel alikuwa ametangulia, ameketi kando ya kitanda. Amelipa sehemu ya bili iliyobaki baada ya mchango, bili ya mchezaji ambaye hatamchezea kamwe. Nilingoja anicheke. Alinisogezea kiti tu.

Bravin aliniuliza, "Mzee Omanga, si uliniambia ni karatasi tu?"

Nikasema ndiyo, ilikuwa karatasi tu. Akageukia ukuta. Sikukaa sana.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefika Kegonga. Kuna beki anaitwa Mwikwabe, mkulima wa mahindi, mrefu kama mlingoti. Nimemwona akipiga vichwa saba na hakuna mpira uliompita. Nafasi kwenye asilimia sitini haipo. Pamoja na hukumu hiyo, hata robo mchezaji haingii.

Lakini Maranga alikagua uwanja. Barabara hakukagua.

Nimemwandikisha Mwikwabe kama dereva wa basi la timu, na muhuri nimegonga. Aliniuliza, kwa heshima, kama si lazima kwanza ajue kuendesha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, timu haina basi.