Jiko Lisilo na Msumari wa Kigeni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeapa. Mbele ya mke wangu, fundi na shemeji, nimeapa kwamba jiko letu jipya litajengwa kwa vitu vya nchini tu, tangu tofali la kwanza hadi msumari wa mwisho. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, na nyumbani kwake hata kijiko kimepanda meli. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ukuta ukatikisika, maana saruji ilikuwa bado mbichi. Nikamwambia akacheke kwake.

Matofali ni ya hapa. Saruji, mbao na mabati, vivyo hivyo. Imebaki misumari. Kitu kidogo! Mke wangu, anayepika uani chini ya mwavuli tangu jiko la zamani lianguke, ametangaza kwamba mvua ikitangulia paa, yeye atahamia kwa mdogo wake, nami nibaki nikichemsha viapo vyangu.

Na wale watu wa geti jeusi, mwisho wa barabara, wamegonga tena tangu asubuhi. Ta-ta-ta-ta! Kwa wadhifa wangu wa mwenyekiti wa mtaa, nimepeleka lalamiko jingine: "kelele zisizo na manufaa kwa yeyote." Mimi ni mwalimu mstaafu; uakifishaji haukuwa na dosari.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dukani. Muuza vifaa alinifungulia gunia la misumari, akasema ni ya hapa hapa, mzee wangu, tena karibu kuliko unavyodhani. Niliikagua kwa miwani. Imenyooka! Inang'aa! Vichwa vimekaa sawasawa! Nikamwambia asinifanye mtoto mdogo. Msumari ulionyooka namna hii hauwezi kuwa wetu. Nikadai uthibitisho. Akajibu kwamba msumari hauna cheti cha kuzaliwa. Wateja wakaangua kicheko. Nikaondoka na heshima yangu, bila misumari.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asiye na hili ana lile. Nimeagiza mabati yafungwe kwa kamba za katani. Fundi aliuliza kama tunajenga jiko au tunafunga mbuzi. Nikamkumbusha nani mwenye nyumba. Akafunga, huku akinung'unika kwamba yeye hayumo, upepo ukija asitajwe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi! Ofisi ya kata imeamuru geti jeusi lifungwe. Mwenye karakana ile, mama mmoja wanayemwita Mama Nyundo, alipita mbele ya nyumba yangu akisukuma mashine yake kwenye mkokoteni. Akanipa shikamoo kwa sauti yenye kila kitu isipokuwa heshima. Nikaitikia marahaba kwa ukamilifu.

Kimya kitamu! Nikalala mchana. Nikaamshwa na upepo. Bati moja lilikuwa limeondoka na kamba zake na kutua juu ya gari la shemeji, aliyekuja kutazama maendeleo. Akanishukuru kwa zawadi ya nchini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mawingu mazito. Mke wangu anafunga masufuria kwenye kanga, moja moja, taratibu, mbele ya macho yangu.

Nikarudi dukani. Nilikuwa tayari kuisamehe ile misumari unyoofu wake. Gunia tupu! Muuza vifaa akaeleza kwa uchungu kwamba mtengenezaji amefungiwa. Nani? Si mwingine ila Mama Nyundo wa geti jeusi. Kuna mzee mmoja huko mtaani kwake, akasema, mkorofi kupindukia, kelele hazitaki, na kazi yenyewe hakuwahi hata kuiuliza.

Nikasema watu wa namna hiyo ni aibu kwa taifa. Akaniunga mkono kwa dhati.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilimkuta Mama Nyundo kwa dada yake, ameketi juu ya mashine kama malkia. Nikamweleza umuhimu wa viwanda vyetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, mwalimu, yeye sasa ni kelele zisizo na manufaa au ni fahari ya nchi? Nikajibu kwamba maneno yote mawili yaweza kuwa sahihi, kila moja katika sentensi yake. Hakutabasamu.

Masharti yake: nikalifute lalamiko kwa kinywa changu, naye akiwapo. Nikalifuta. Karani aliniomba nirudie, eti hakusikia vizuri. Kisha nikausukume mkokoteni mwenyewe hadi geti jeusi. Mtaa mzima! Shemeji alitoa kiti changu nje ili atazame.

"Pole na kazi, shemeji!" akapaza sauti. "Ndiyo misumari yenyewe hiyo? Mbona mikubwa?"

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ta-ta-ta-ta tangu alfajiri. Muziki mtupu! Misumari ililetwa ingali na joto. Fundi alipopigilia wa mwisho, tone la kwanza likaanguka. Mke wangu akatazama paa, akatazama mbingu, akafungua masufuria.

Shemeji alikula sahani mbili chini ya paa langu huku akisaka darini msumari wa kigeni. Hakuuona! Nikasimama kutoa nasaha juu ya wajibu wa kuwajua mafundi wanaotuzunguka. Nilikuwa bado kwenye utangulizi mke wangu aliposema chakula kinapoa, mume wangu, keti.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimeapa tena. Bafu letu litawekwa vigae vya sakafuni, vya nchini tu. Muuza vifaa alinionyesha vyake, akasema vinatoka karibu kuliko ninavyodhani. Laini mno! Nimevikataa. Nitavitafuta mwenyewe.

Kero ni moja: moshi wa lile tanuri ng'ambo ya korongo. Unaingia hadi kwenye vitabu vyangu. Watu wale wanachoma udongo mchana kutwa, sijui kwa faida ya nani. Nimeandaa lalamiko kali. Kesho linakwenda ofisini.

Mke wangu aliuliza kama nimewahi kwenda kuona wanatengeneza nini. Nikamjibu kwamba mwenyekiti hauulizi moshi jina lake.