Manjano kwa Vidole vya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Machi 1987

Nimefukuzwa sebuleni kwangu. Si kwa maneno, kwa adabu! Mama Mkwe ameteremka kutoka Kilo, kwao milimani, na mkono wake mgonjwa wa kulia, na tangu jana anakaa kwenye kiti changu, kando ya redio yangu. Nami ni mkwe. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, hamgusi, na jina lake halitaji. Silitaji hata hapa.

Kwa hiyo ninakula nyuma ya nyumba na bata. Mtu mzima! Fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima wa Mbunya!

Habari ya mkono ni hii. Mwezi wa kumi na mbili alianguka shambani akavunja kifundo cha mkono. Mfupa umeunga, lakini vidole vitatu havisikii kitu. Neva imeumia, wanasema. Amekuja kukaa kwetu mpaka vidole viamke. Mimi na yeye tunazungumza kupitia mlango, kila mmoja upande wake. Leo amesema: "Mulango, ambia Baba Bibiane aksanti. Mukono ikipona, nitarudia kwangu."

Bibiane ni binti yetu. Nikauambia mlango kwamba mama asiwe na haraka hata kidogo. Mwongo mkubwa mimi!

Jumatano, 4 Machi

Nilisimama chini ya dirisha la sebule nisikilize mpira redioni. Badala ya mpira, profesa! Kifaransa safi. Alisema mwaka jana wataalamu wawili walipewa zawadi kubwa ya dunia kwa kugundua kitu mwilini kinachofanya chembe za neva zikue na kutoa vitawi. Mpira nikausahau palepale.

Mtangazaji akamwuliza kama vitu vya kusaidia kazi hiyo vinaweza kupatikana hata katika mimea. Katika viungo vya jikoni, kwa mfano: manjano, tangawizi, mdalasini. Profesa akajibu labda. Akaongeza kwamba itabidi kutafiti miaka mingi.

Labda! Waprofesa husema labda kama sisi tunavyosema hodi, kwa adabu tu, na mguu umekwisha ingia ndani. Mpango umezaliwa. Neva itakua, vidole vitaamka, Mama Mkwe atapanda gari la Kilo, kiti kitarudi kwa mwenyewe. Sitamwambia mtu. Wakijua, Laurent atasema wazo lilikuwa lake.

(Laurent ndiye mume wa Dorothée, mdogo wa mke wangu. Mkwe mwenzangu. Jana alileta kuku. Kuku mwembamba, lakini alisifiwa mpaka jioni.)

Alhamisi, 5 Machi

Asubuhi dukani kwa Katsuva. Nikachukua manjano, tangawizi na mdalasini, mfuko mzima. Katsuva akauliza vyote hivyo ni vya nini. Mfanyabiashara wa kutoka Butembo, anauliza kila kitu! Kwa haraka nikasema ni vya arusi. Akanipongeza sana.

Mchana sikupewa chakula. Jioni Emérance, mke wangu, akasimama mbele yangu na mwiko. "Baba Bibiane, unataka kuoa bibi wa pili, na siye tunasikia kwa Katsuva?"

Nimelazimika kumwambia yote. Amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema nisiguse sufuria zake.

Jumamosi, 7 Machi

Nimegusa sufuria zake. Alipokwenda kuteka maji nikatia vijiko vya manjano ndani ya sombe. Vingi. Neva ya mtu mzima si ya mtoto.

Tangu mababu zetu waanze kutwanga majani ya muhogo, hakuna aliyetia manjano. Sasa najua sababu. Sombe lilitoka na rangi ya njano kali, kama soksi za timu ya mpira. Mama Mkwe alitazama sahani, akamwomba Mungu kwa sauti, akairudisha bila kuigusa. Mlango ukaambiwa kwamba katika nyumba hii kuna mtu mwenye roho mbaya.

Laurent akafika na makayabo, samaki wa chumvi, yaliyopikwa na Dorothée. Mama akala yote na kumbariki. Nami nikala sombe peke yangu. Hata bata walikataa.

Jumanne, 10 Machi

Mbinu mpya: chai. Tangawizi na mdalasini ndani ya chai, manjano kidogo tu chini, sukari nyingi juu. Mama Mkwe akanywa. Akaomba tena! Mlango ukaniletea aksanti tatu. Niliruka nyuma ya nyumba kama kijana.

Jumapili, 15 Machi

Chai imezidi uzuri. Mama Mkwe amewaambia akina mama wa kanisa. Leo baada ya ibada walikuja wote, na vikombe vyao. Walijaa sebule, walijaa veranda, walijaa mpaka karibu na bata. Wengi wao ni wa rika lake, kwa hiyo nao ninawaheshimu vilevile. Sikuwa na mlango wa kuingilia. Niliingia chumba cha cherehani kwa dirisha, mguu mmoja ndani, mmoja nje, Laurent akipita barabarani. Alivua kofia akanisalimia polepole, ili afaidi.

Haidhuru. Shati lake jeupe ninalishona mimi.

Jumanne, 17 Machi

Shati la Laurent! Nilikuwa nimetoka kutwanga manjano, sikunawa vizuri. Vidole vyangu vyote vitano viko mgongoni pake, vya njano, kama mtu aliyesukumwa. Nimefua. Manjano hayatoki. Nimefua tena. Sasa mgongo wote ni wa njano.

Nimemwambia ndiyo mtindo wa Kinshasa. Ameondoka amelivaa, kifua mbele. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 19 Machi

Leo sina mzaha. Nilikuwa nakata kitambaa, dirisha wazi. Mama Mkwe alimwita Bibiane akae amsuke nywele. Zamani huko Kilo wasichana walimpangia foleni mama huyu awasuke. Nilisikia kitana kikianguka. Kikaokotwa. Kikaanguka tena. Kisha Bibiane akasema si kitu, nyanya, tutasuka kesho. Halafu nikamsikia mama akilia, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kusumbua wenye nyumba.

Niliumia moyo. Ndiyo, naandika: nilimwonea huruma. Kiti akitaka akae nacho. Lakini vidole vile lazima viamke, profesa apende asipende.

Nimeongeza tangawizi.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekwenda kwa Gertrude, muuguzi wa zahanati ya karibu, nikamweleza ugunduzi wangu kwa Kifaransa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Kisha akasema kwa Kiswahili: "Neva iko inaota yenyewe, polepole, tangu siku ile alianguka. Ule mama anapashwa kufanya vidole mazoezi, na kungoja. Manjano, mi sijue. Labda. Lakini sombe ilikukosea nini?"

Umesikia? Labda! Huyo ni wa pili. Profesa na muuguzi, wote wanakubaliana nami.

Jumamosi, 28 Machi

Eeeh! Leo ndiyo leo!

Mchana Emérance alipika bugali na samaki. Nilikuwa nimepita jikoni na kuutia mchuzi pilipili ya kutwanga, iliyochanganywa na tangawizi, kwa sababu nilifikiri: chembe iliyolala inaamshwa kwa kelele. Kisha nikaenda kuoga nyuma ya nyumba.

Nilikuwa na sabuni kichwani niliposikia ukelele. "Iko nachoma! Vidole yangu iko nachoma! Yote tatu!"

Sikufikiri. Nilijifunga pagne, kitenge cha Emérance, nikapita bata, nikapita jikoni, nikapita ule mlango wetu, nikaingia sebuleni. Mama Mkwe alisimama ameinua mkono wenye mchuzi, anacheka na kulia. Nikaushika! Kwa mikono yangu yote miwili! Tukazunguka, tukaruka, povu likaruka, nikaimba wimbo wa mavuno. Sijapata furaha kama ile tangu Bibiane azaliwe.

Ndipo nikageuka. Laurent alikuwa kizingitini, na kuku mwingine kwapani.

"Ameshika mama mukwe!" akapiga kelele, mtaa mzima usikie. "Tena na pagne ya mwanamuke!"

Jumapili, 29 Machi

Baraza. Baba Mkwe ameletwa na lori la asubuhi kutoka Kilo. Wazee walikaa sebuleni, mimi nje. Walisema mkwe aliyemshika mama mkwe amevunja heshima, atoe mbuzi. Nilitoa. Laurent aliomba niongezewe adhabu kwa sababu ya pagne. Wakamwambia anyamaze, na mmoja akamwuliza shati lake liliungulia wapi.

Lakini kwa desturi ya ukoo wao, mkwe akila mbuzi huyo pamoja na mama mkwe, aibu imekwisha. Anakuwa mtoto wa nyumba. Niliingia sebuleni kwa mlango wa mbele! Mama Mkwe akanitazama usoni mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Akasema: "Kumbe ndo uko mwembamba hivi." Akachukua pande la ini, akanipa kwa mkono wa kulia, vidole vitatu vimelikamata barabara. Machozi yalinitoka. Nilisema ni pilipili.

Kisha akatangaza. Kwa kuwa sasa hakuna haya kati yetu, na chai ya hapa haina mfano wake Kilo, hana tena sababu ya kuondoka. Atakaa. Kwenye kiti. Emérance akapiga vigelegele. Wazee wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, nikiwaza sana.

Wakati wa kuagana Baba Mkwe alilalamika kwamba nyayo zake zimekufa ganzi, anatembea kama juu ya katoni. Nikashtuka. Dawa ninayo! Neva ni neva. Nyayo zikiamka, mzee atasikia nguvu, atataka kulima, atamhitaji mke wake, na wote wawili watapanda lori. Mpango hauna tundu!

Ila tiba hii inataka mtu awe karibu na sufuria. Kwa hiyo nimemwomba Baba Mkwe abaki, naye amekubali kabla sijamaliza kusema. Tumewapa chumba chetu. Emérance atalala na Bibiane, mimi chini ya cherehani.

Wiki mbili tu.