Chujio la Skuta, Saizi ya Kichwa Changu

Jamaa zangu wa baraza, leo nimevuliwa nguo sokoni mchana kweupe. (Si nguo hasa. Kofia. Lakini aibu ni ile ile.)

Alhamdulillahi, mimi mzima. Naandika kutoka duka la kompyuta za kukodi hapa Dengfeng, kwa Wachina. Nimeshaswali magharibi, nimeshakula, na moyo umetulia. Sasa nisikilizeni.

Mnaikumbuka ile skuta nyekundu niliyomnunulia binti yangu Rukia nikaipakia ndani ya kontena hadi Mombasa? Rukia ni mkunga, huzunguka majumbani kuzalisha watu. Mume wake, mkwe wangu Fuad, alipoiona skuta mara ya kwanza aliizunguka mara mbili akasema, "Baba, hii plastiki ina magurudumu." Nikamwambia asubiri ataona.

Basi amesubiri, na ameona. Skuta imeanza kukohoa. Ikipewa moto inazima. Fundi akaifungua akasema chujio la hewa limeziba na kuchanika, na Mombasa nzima amelitafuta la saizi yake hakulipata. Wiki ya tatu sasa binti yangu anakwenda kwa miguu kwa wanaojifungua, na Fuad hasemi neno. Jamaa zangu, mkwe akisema unamjibu. Akinyamaza utamjibu nini?

Rukia alimpa rafiki yangu Twalib lile chujio bovu aniletee huku liwe sampuli. Twalib alikuja kununua vitambaa, na leo ndiyo siku yake ya kurudi. Baada ya alasiri alikuwa aende uwanja wa ndege. Kama ningelikosa chujio leo, msafiri mwingine wa Mombasa ni baada ya mwezi.

Asubuhi nikapanda basi hadi soko la vipuri vya pikipiki, chujio langu limefungwa kwenye gazeti la nyumbani, linavuja mafuta.

Uzuri wa mji huu ni kwamba huhitaji kujua kitu kinaitwaje. Unaweka sampuli mezani, unasema "yiyang", yaani kama hiki hiki. Mwenye duka anaichukua, anapotea nyuma huko, anarudi na pacha wake. Kwa neno hilo moja nimenunua vitasa, bawaba na mabomba miaka minne. (Nilikuwa nikijiona mwanazuoni wa Kichina. Nina maneno kumi na moja.)

Nikaingia duka la mama mmoja wa makamo, miwani iko nchani mwa pua. Joto lilikuwa kali. Nikaweka furushi langu mezani, nikavua kofia nijifute jasho la upara, nikaiweka kofia kando ya furushi.

"Laoban," nikamwita, maana mwenye duka hapa huitwa bosi. "Yiyang!"

Mama akalitazama lile gazeti lenye mafuta, akalisukuma kwa ncha ya kidole mpaka likadondoka ndani ya boksi chini ya meza. Nikadhani analihifadhi. Kisha akaichukua kofia yangu.

Kofia hiyo kaishona mke wangu, Bi Salma, kwa mkono wake, miezi minne. Ina vitobo vidogo vidogo pande zote, kila kimoja kimezungushiwa uzi, na aliitia wanga hata inasimama yenyewe. Mama akaigeuzageuza. Akaiinua kwenye taa akachungulia vitobo. Akaisogeza mdomoni, akapuliza. Kiganja chake kilikuwa upande wa pili, kinapima upepo unavyotoka.

"Hao," akasema. Nzuri.

Subhanallah, nikafurahi! Nikasema moyoni, tazama mtu wa mbali anavyojua thamani ya kazi ya mkono.

Akaniuliza swali refu. Sikuelewa hata neno, lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka kujua. Na mimi nimefunzwa tangu utotoni kwamba mtu akikuuliza habari ya dini yako, usimfiche. Nikaigusa kofia. Nikagusa kichwa. Nikagusa kifua, nikavuta pumzi ndefu, nikaitoa polepole, maana yake: moyo hupata raha kwa kumkumbuka Mola.

Mama akavuta pumzi naye. Akaitoa. Akaitikia kwa kichwa, kaelewa kabisa. Tukavuta tena pamoja. (Wazee wawili, tunapumua dukani kama samaki waliotolewa majini.)

Akachukua kikokotoo, akabonyeza, akanionyesha: 500.

Nikashtuka. Miungu mia tano! Nikatikisa kichwa kwa upole.

Akabonyeza tena: 100.

"La, dada yangu," nikasema kwa Kiswahili, machozi yananilengalenga. Nikainua kidole cha shahada. "Yi ge." Mmoja.

"Yi ge?" Macho yakamtoka.

"Yi ge! Yi ge tu!"

"Yi ge..." akarudia, akashusha mabega na kuguna. Mimi nikadhani ni unyenyekevu. (Msiniulize akili ilikuwa wapi. Mtu akishaanza kuwaidha, akili hubaki nyuma ikikusanya viatu.)

Akanivutia kigoda, akanimiminia chai, akaniashiria nisubiri, akatoka na kofia yangu. Nikajua anakwenda kuwaonyesha jamaa zake. Nikaketi kichwa wazi, nikamwombea dua, yeye na watoto wake na duka lake. Nusu saa nzima. Chujio nilikuwa nimelisahau. Rukia anatembea kwa miguu juani, na mimi nanywa chai nikimwombea dua mwuza vipuri!

Mama akarudi anatweta. Mkono mmoja kofia yangu, mkono mwingine rula na dude la mviringo, karatasi zimekunjwakunjwa pande zote, mpira mweusi juu na chini, tundu katikati. Wenye maduka ya jirani wawili watatu wakamfuata. Inaonekana alikuwa kawazungukia wote. Akaipima kofia kwa rula mbele yangu. Akalipima dude. Sawasawa. Mimi bado sijaelewa. Basi ili kuniondoa shaka, akanivika kofia. Akaivua. Akanivika lile dude.

Jamaa zangu, lilinikaa! Halikubana, halikulegea.

"Yiyang!" akatangaza.

Wote wakaitikia kwa sauti ya kuridhika, kama watu walioshuhudia fundi akimaliza kazi. Na hapo hapo nikasikia nyuma yangu:

"Wueh! Mzee, umevaa nini?"

Nikageuka, dude liko kichwani. Ni Njeri, mfanyabiashara wa Nairobi, tunakaa jengo moja, kaja kununua minyororo ya pikipiki. Kichina anakizungumza kama alizaliwa nacho.

"Naona huyu mama amenipa zawadi," nikamwambia.

"Zawadi gani? Hiyo ni filta ya jenereta!"

Akamgeukia mama, wakazungumza. Nikaona uso wa Njeri unabadilika. Kwanza akafunga mdomo kwa mkono. Kisha akashika meza. Kisha akakaa chini, sakafuni hasa, na sketi yake safi.

"Njeri binti yangu, anasemaje?"

"Aki mzee, ngoja kwanza." Akajifuta machozi. "Anasema ulimletea filta ya kitambaa. Hajawahi kuona kama hiyo. Anasema inapitisha hewa poa sana."

"Kofia ya Bi Salma?"

"Anasema alikuuliza ni ya mashine gani, ukamwonyesha inavuta hewa hivi." Njeri akavuta pumzi kama mimi. Ni mimi kabisa. "Akakuuliza unataka mia tano. Ukakataa. Mia moja. Ukakataa. Halafu karibu ulie, ukasema moja. Moja! Anasema ameuza jumla miaka yote, hajawahi kuona mtu anataka kitu kimoja kwa uchungu hivyo. Akakuhurumia."

Mama akaongeza neno. Njeri akaanguka upya.

"Anauliza hiyo mashine yenu ina kichwa kikubwa kiasi gani?"

Hapo wote wakacheka, hata mpita njia aliyebeba tairi begani. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nikalivua lile dude, nikavaa kofia yangu, nikamwambia Njeri amwombe mama samahani, kisha amwulize kuhusu gazeti.

Gazeti! Tukainama sote watatu chini ya meza. Ndani ya boksi kulikuwa na maganda ya machungwa, majani ya chai, na chini kabisa chujio la Rukia. Mama alipoliona akajipiga kipaji. Hakwenda nyuma, hakuuliza mtu. Alinyoosha mkono juu ya bega langu akateremsha mawili kutoka rafu niliyokuwa nimeiegemea kwa chai ile yote.

Hapo angalau nilikuwa mtu mzima tena. La kwanza lilikuwa la sponji, jepesi, lakini mdomo wake ulikuwa mpana kuliko wa lile bovu. La pili la karatasi. Nikalielekeza kwenye taa: mwanga ukapita sawia, hakuna tundu. Nikabonyeza mpira wake: ukazama, ukarudi. Nikalilaza juu ya lile bovu, likafunika ukingo kwa ukingo.

"Hili," nikasema.

"Yi ge?" mama akauliza, uso mkavu kabisa.

Njeri akatoka nje asije akafa.

Nilifika mgahawa wa Barabara ya Huanshi, tulikoahidiana na Twalib, alasiri inaadhiniwa, mbio, nikapanda chumba cha kuswalia juu. Twalib alikuwa kashafika na mabegi yake. Tukaswali. Tulipomaliza, Haji, mwanafunzi wa udaktari kutoka Zanzibar, akanishika mkono kwa heshima kubwa.

"Mashallah, shekhe wangu. Alama ya sijda imekutoka vizuri."

Nikapapasa kipaji. Sikuwa nikijua. Twalib akanisogelea, akaparuza kwa kidole, akakinusa.

"Sijda hii," akasema, "ina harufu ya mpira wa gari."

Ningeweza kunyamaza. Wallahi nilitamani. Lakini kunyamaza hapo kungekuwa kujivika ucha Mungu wa jenereta. Nikaeleza yote, tangu kofia hadi kidole. Haji alijificha uso kwenye mkeka. Twalib alicheka hadi teksi ikampigia honi mara tatu. Akalitia chujio katika begi lake la mkononi, akateremka ngazi bado anapumua kama samaki.

Twalib sasa yuko angani, na huko simu haziruhusiwi. Ndiyo maana mnakipata kisa kwangu kwanza, kabla hajashuka na kukitia chumvi yake. Fuad, najua nawe husoma humu. Chujio linafika kesho, mwanangu. Lifunge, uwashe, uvute moto mpaka injini ingurume, kisha ucheke hapo hapo, nisikusikie.